Sisi tunajua pa kukanyaga, mteja hajui

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa dukani, wateja wamekatika na mvua bado inanyesha. Nina duka la samaki na kuku wa kugandishwa hapa Moshi, si mbali na soko la Mbuyuni, na wateja wananiita Mangi kama wanavyomwita karibu kila mwenye duka. Mbele nina friza tatu, nyuma nina chumba cha baridi nilichonunua kikiwa kimeshatumika. Fremu si yangu, nimepanga, huu ni mwaka wa tano.

Mwaka juzi niliamua kupendezesha biashara. Niliweka marumaru nyeupe zinazong'aa barazani na kwenye ngazi tatu za kupandia, na watu walisifia sana. Ila gata la bati limetoboka juu ya ngazi ya kwanza. Mvua ikinyesha maji yanadondokea pale pale, na matope ya barabarani yanapanda na miguu ya wateja. Sisi tunajua pa kukanyaga. Unashika nguzo, unapitia kushoto, unafika salama.

Alhamisi ya wiki iliyopita, saa tisa alasiri, mama mmoja mtu mzima, nadhani amevuka miaka 60, alinunua kilo mbili za sato. Alivaa kandambili, mkono mmoja mfuko, mwingine mwavuli. Nilimwona anatoka, nikageuka kumpa mteja mwingine chenji, nikasikia kishindo. Nilimkuta amekaa ngazi ya chini, ameshikilia kifundo cha mkono, samaki wametawanyika kwenye matope. Hakulia. Aliniambia tu, "Mwanangu, mkono umekwenda." Tulimpakia kwenye bajaji akapelekwa hospitali. Mkono umevunjika, amefungwa hogo. Kijana wangu aliwaokota wale samaki, akawaosha, akawarudisha kwenye friza. Mpaka leo wapo, kwenye mfuko wao, na kila nikifungua nawaona.

Juzi mtoto wake wa kiume alikuja. Anataka shilingi milioni 3, la sivyo tukutane mahakamani. Nilimwonyesha karatasi niliyobandika ukutani tangu mwaka jana: TAHADHARI, UTELEZI. HATUTAHUSIKA NA AJALI YOYOTE. Akasema hiyo karatasi nikamsomee hakimu. Mwenye nyumba nilipompigia alisema mvua ni ya Mungu, yeye hakuileta. Wenzangu wa sokoni wananikataza kwenda kumwona yule mama, eti nikikanyaga kwake nimekubali kosa.

Na si hilo tu. Wiki mbili kabla, kijana wangu wa kazi aliteleza mlangoni kwa chumba cha baridi akiwa amebeba katoni ya kuku. Pale kizingitini huwa panafanya barafu ngumu kama kioo. Aliangukia mgongo. Nilimpa hela ya dawa na siku mbili za kupumzika. Amerudi kazini, lakini akiinama anashika kiuno.

Shemeji yangu anaishi Massachusetts, Marekani, na kazi yake ni kutunza majengo ya maduka. Majira ya baridi anashinda kwenye theluji. Alinitumia ujumbe wa sauti: mwaga chumvi, huku ndivyo tunavyofanya. Nimemwaga nusu gunia, ndani na barazani. Ndani barafu iko vile vile, na barazani naona kama pamezidi kuwa majimaji.

Shangazi, nilipe? Niende kumwona au nisiende? Na nifanye nini, maana masika hii bado haijaisha?

Mangi wa Samaki, Moshi

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na umpe pole huyo kijana wako.

Nenda kwa yule mama. Nenda Jumamosi hii, na usiende peke yako: nenda na mkeo, au na mtu mzima wa ukoo wenu, mbebe na mtori wa moto kwenye hotipoti. Wewe ni mtu wa huko, unajua mtu aliyeumia hapelekewi maneno matupu. Ukifika mjulie hali, muulize analalaje na huo mkono, nani anamfulia, nani anampikia. Habari za gata na mwenye nyumba ziache nje ya mlango wake.

Wenzako wa sokoni wamekushauri vibaya. Kumjulia hali mgonjwa si kukiri kosa. Kesi ya uzembe ikifika mahakamani, kinachochunguzwa ni kama mwenye eneo alijua, au alipaswa kujua, kwamba pana hatari, na kama alichukua hadhari ambayo mtu makini angeichukua. Mtori haumo kwenye hesabu hiyo. Kinachoongeza hasira ni kimya. Yule kijana alikuja dukani kwako na milioni 3 mdomoni kwa sababu tangu Alhamisi hakuna mtu wa duka lako aliyekanyaga kwao.

Kuhusu hizo milioni 3, hakuna aliyekwambia zinatokana na nini. Waombe kwa heshima risiti za matibabu, nauli za kwenda na kurudi kliniki, na kama mama ana shughuli yake, siku alizoshindwa kuifanya. Gharama za matibabu mimi ningezibeba bila kusubiri kuambiwa. Zaidi ya hapo, kaeni mzungumze, na mkifikia kiasi, kiandikwe: kimelipwa nini, kwa ajili ya nini, tarehe gani, nakala mbili, mashahidi wa pande zote, na mwenyekiti wa mtaa awepo. Kabla hujatia sahihi, mtafute msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na mtu asiye na uwezo wa kumlipa wakili husaidiwa bure. Usijidanganye kwamba ukinyamaza miezi miwili mitatu litapoa. Madai ya namna hii yana muda wa miaka 3 kufunguliwa.

Sasa ile karatasi yako. Naiona inakuumiza kuliko kukusaidia. Umeibandika mwaka jana, maana yake tangu mwaka jana ulijua pale panateleza, na kwa muda wote huo gata lilikuwa linavuja. Mtu akiisoma mbele ya hakimu, atakayeulizwa ni wewe. Tangazo la tahadhari lina kazi yake: linasimama kwa nusu saa wakati sakafu imedekiwa na haijakauka, halafu linaondolewa. Likikaa mwaka mzima linageuka pambo la ukuta, hakuna anayeliona, hasa mama mwenye mwavuli anayeangalia anapokanyaga.

Na hilo la mvua ni ya Mungu. Huko huko kwa shemeji yako, Massachusetts, wenye majengo walijikinga kwa hoja hiyo hiyo kwa miaka mingi: theluji iliyoanguka yenyewe haikuwaletea lawama, ila ile waliyoirundika wao. Mwaka 2010 mahakama ya juu ya jimbo hilo iliifuta tofauti hiyo. Ikasema mwenye eneo atapimwa kwa theluji na barafu kama anavyopimwa kwa hatari nyingine yoyote: je, alichukua hadhari ya kutosha? Hukumu ya Massachusetts haimfungi hakimu wa Moshi, lakini msingi wake ni ule ule wa sheria ya uzembe tuliyoirithi sisi na wao kutoka Uingereza. Mvua ni ya Mungu kweli. Tundu la gata ni la mtu.

La mtu gani, fungua mkataba wako wa pango usome. Kama matengenezo ya paa ni ya mwenye nyumba, mwandikie barua leo, si simu, weka picha ya tundu na tarehe, ubaki na nakala. Lakini usisubiri majibu yake ndipo uzibe. Ziba, tunza risiti, mtakatana kwenye kodi au mtagombana baadaye. Mteja hakuja kwa mwenye nyumba, alikuja kwako.

Kuna sentensi moja kwenye barua yako nimeisoma mara tatu: sisi tunajua pa kukanyaga. Mwanangu, hapo ndipo lilipo tatizo lote. Niliwahi kusimamia jiko la hosteli moja Arusha. Chini ya sinki bomba lilikuwa linadondosha maji, na kwa miezi mitatu sote tulikuwa tunaliruka lile dimbwi bila hata kufikiri, mguu unajua wenyewe. Siku moja akaja msichana mpya wa zamu ya asubuhi. Alibeba sufuria la uji wa moto, hakujua kuruka. Kovu la mguuni anatembea nalo mpaka leo. Bomba lilitengenezwa mchana ule ule, kwa mpira mdogo kama pete. Tangu hapo, mahali popote ninapoona watu wazoefu wanaruka, wanakwepa au wanashika nguzo, najua pale ndipo atakapoangukia mgeni.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, simama kesho ng'ambo ya barabara mvua ikinyesha, uangalie miguu ya watu wanaoingia kwako. Kila mahali mwili unapositasita, weka alama.

Chumvi iache. Shemeji hakukosea, yupo kwenye baridi ya aina nyingine. Chumvi inafanya maji yagande kwenye baridi kali zaidi kuliko kawaida, ndiyo maana barafu iliyo karibu na sifuri huyeyuka ikiguswa nayo. Ila baridi ikishuka chini ya nyuzi 9 hasi hivi, chumvi ya kawaida inakuwa goigoi sana, na hata wao kukiwa na baridi kali hutumia aina nyingine kama kalsiamu kloraidi. Chumba cha kuku wa kugandishwa kinatakiwa kiwe nyuzi 18 hasi. Umemwaga nusu gunia pasipo na kazi, na sasa inakula bawaba za mlango na saruji ya sakafu. Barazani ndiyo kabisa, hakuna barafu ya kuyeyusha. Chumvi inavuta unyevu wa hewani, ndiyo hayo majimaji unayoyaona. Izoe yote, usafishe kwa maji mengi.

Ile barafu ya kizingitini ina mzazi. Hewa ya Moshi wakati wa masika imejaa unyevu. Kila mlango unapofunguliwa hewa hiyo inaingia, inakutana na baridi, unyevu unageuka maji na maji yanaganda palipo baridi zaidi. Kama mpira wa mlango umechoka, hewa inaingia hata mlango ukiwa umefungwa. Chukua kipande cha karatasi, kibane na mlango, ukivute. Kikitoka bila kukaza, mpira umekwisha. Jaribu pande zote nne, chini hasa. Kisha mwite fundi majokofu aangalie vitu viwili zaidi: waya wa joto unaozunguka fremu ya mlango, ambao kwenye vyumba vilivyotumika mara nyingi umeungua na hakuna anayejua, na bomba la kutolea maji ya kuyeyusha barafu ya mashine, kwani likiziba kwa barafu maji hufurika sakafuni. Agiza pia pazia la vipande vya plastiki la mlangoni. Kuiondoa barafu iliyopo, hamishia mzigo kwenye friza za mbele, zima, acha iyeyuke, kausha. Usiruhusu mtu aitwange kwa panga au tindo. Atatoboa ukuta wa chumba au bomba la gesi, na hapo hasara yake hutaisahau.

Barazani anza na gata, halafu ngazi. Hizo marumaru nyeupe ni za sebuleni. Toa za kwenye ngazi zote tatu uweke zenye mkwaruzo. Zile zilizopimwa utelezi boksi lake huandikwa herufi R na namba, kuanzia 9 mpaka 13, na kadiri namba inavyopanda ndivyo zinavyoshika mguu. Kwa nje penye maji tafuta 11 au zaidi. Usipokuta namba, mwombe muuzaji kipande kimoja, kilowanishe, kikanyage na kandambili iliyochakaa. Muuzaji akikushangaa mwache ashangae. Kama hela haitoshi mwezi huu, ngazi za zege lililokwaruzwa kwa fagio likiwa bichi zinashinda marumaru kwa usalama, ingawa hazipendezi vile. Paka ukingo wa kila ngazi rangi ya njano, kwa sababu nyeupe juu ya nyeupe macho ya mtu mzima hayaoni ngazi inaishia wapi. Na uweke bomba la kushikilia, imara, upande ule ambao ninyi mnashika nguzo.

Wengi hapo sokoni mvua ikinyesha hutandika maboksi. Usifanye hivyo. Boksi likilowa linateleza pamoja na mtu. Nunua zulia gumu la nyuzi za nazi, refu kiasi cha kila mguu kukanyaga mara mbili kabla ya kufika kwenye sakafu, na uwe nayo mawili, moja likilowa jingine lipo.

Ndani, adui yako ni mafuta ya samaki. Barafu ya kwenye kreti inayeyuka, inashuka na ute na mafuta, na kijana akipitisha dekio lenye maji baridi anayasambaza tu. Maji ya moto na sabuni, brashi ngumu, suuza mpaka povu liishe, sukuma maji kwa mpira mpaka kwenye mfereji. Sabuni iliyobaki sakafuni inateleza kama mafuta yenyewe. Kreti zisikae tena mahali wateja wanapopita.

Kijana wako ndiye anayenitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mama ana mtoto wa kumsemea na yeye hana. Mtu anayeshika kiuno akiinama wiki tatu baada ya kuanguka anatakiwa kwa daktari, si duka la dawa. Mpeleke. Kama duka limesajiliwa WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, matibabu na fidia yake ni kazi ya mfuko. Mchango unalipa wewe mwajiri, yeye hakatwi chochote. Taarifa ya ajali mwajiri anatakiwa kuitoa ndani ya siku 7. Zimekupita, kwa hiyo itoe leo, useme ukweli kuhusu tarehe. Kama hujasajiliwa, nenda ofisi yao ukajisajili, na kwa safari hiyo hiyo ulizia usajili wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, kwa kuwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inagusa hata duka lenye kijana mmoja. Mwandikie mkataba. Mnunulie na buti za mpira zenye meno chini, maana siamini anaingia kwenye chumba cha baridi na viatu vinavyostahili. Mteja hayumo kwenye WCF. Kwa ajili ya wateja, kaulize kampuni ya bima kuhusu bima ya dhima kwa watu wengine, usome inachokataa kabla ya inachokubali.

Kuna jambo moja la shemeji ambalo ningependa ulichukue badala ya chumvi. Muulize kuhusu daftari. Watu wa kazi yake hawangoji theluji ianguke. Wanafuata utabiri, wanaandaa usiku, na kila wanachofanya wanakiandika: saa ngapi, nani, wapi. Wewe una Mamlaka ya Hali ya Hewa, inatoa utabiri wa masika kabla msimu haujaanza, na wa kila siku upo kwenye redio. Weka daftari kaunta. Saa moja asubuhi: gata limeangaliwa, zulia lipo, kizingiti kikavu, jina la aliyeangalia. Saa nane tena. Mvua ikianza, tena. Mstari mmoja unatosha. Siku mtu akikuuliza ulifanya nini, utakuwa na kitu cha kumfungulia.

Na wale sato, mwanangu. Watoe kwenye friza leo, usimrudishie mama samaki waliookotwa kwenye matope. Jumamosi asubuhi mpimie wengine kilo mbili, wazuri, uwaparue kabisa na kuwakata, kwa kuwa ana mkono mmoja.

Shangazi